Vaskaboi Wawili

Jambo lililomsumbua Mzee Rihor Vaskaboi katika uzee wake lilikuwa moja: atakapokufa, ni nani atakayemwita mezani?

Kwao Belarusi, wakati majani yanapopukutika, kuna siku iitwayo Dziady, maana yake mababu. Jioni ya siku hiyo mkuu wa nyumba huwasha mshumaa wa nta ya nyuki, huacha mlango wazi kidogo, kisha huwaita wafu wa ukoo wake mmoja mmoja, kwa majina yao, waingie wale. Kijiko cha kwanza cha kila chakula huwekwa katika sahani yao. Asiyeitwa hukaa nje kwenye baridi, akisikia vijiko vya wenzake. Ndivyo Mzee Rihor alivyofundishwa na baba yake, na alifundishwa pia kwamba anayeita sharti awe na jina lile lile la ukoo, kwa kuwa wafu hawaitikii sauti ya mgeni.

Baba yake alimleta Marekani akiwa mtoto, baada ya vita kuu vya pili, wakitokea katika kambi ya wakimbizi ya Ujerumani. Baba alipofariki, Rihor aliendelea kuita peke yake katika nyumba yake mjini Bowie, mbele ya meza yenye viti vingi kuliko walaji. Hakujaliwa mtoto. Aliwahi kuoa, na mkewe aliitwa Halina, lakini ndoa hiyo ilivunjika zamani na hakupenda kuizungumza.

Aliyeyajua haya yote alikuwa Flaviana, mama wa Kitanzania aliyemtunza. Kila asubuhi Flaviana alitoka kwake Adelphi kwa gari, akafika Bowie kabla mzee hajaamka, akamwogesha, akampikia uji, akamsaidia kutembea na fremu yake ya chuma hadi dirishani. Walizungumza kwa Kiingereza, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao, na labda kwa sababu hiyo kila mmoja alimvumilia mwenzake maneno yalipokawia kuja.

Urafiki wao ulianza kwa kitambulisho. Siku ya kwanza mzee alikivuta karibu na miwani yake kile kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa Flaviana, akasoma: Flaviana Ferdinand.

"Ferdinand ndiye mumeo?" aliuliza.

"Ni baba yangu."

"Na mumeo anaitwa nani?"

"Ombeni. Jina lake analo mwenyewe."

Mzee alicheka, akataka kujua binti yake anaitwaje. Flaviana akamweleza kwamba ni Vumilia Ombeni, na kwamba watoto wa Vumilia nao watachukua jina la baba yao, yeyote atakayekuwa.

"Basi kwenu jina hudumu kizazi kimoja, halafu hufa," mzee alisema. "Ninyi ni watu jasiri."

"Jina la mwisho linabadilika, Mzee, lakini ukoo haubadiliki. Hauandikwi kwenye kitambulisho, ila kila mtu anaujua wake. Mimi hata nikiolewa mara ngapi, nitabaki mtu wa ukoo wa baba yangu. Kwa mume ninakaa tu."

Maneno hayo yalimpendeza mzee kwa namna ambayo Flaviana hakuielewa mara moja. Akasema kuwa kwao mwanamke hupewa jina la mume kama anavyopewa koti la kuvaa, na ndoa ikiisha, hulirudisha. Flaviana akauliza kama Halina alilirudisha.

"Nilimwambia alirudishe," alijibu, akageuza uso dirishani.

Baadaye, kidogo kidogo, alimpa habari yote. Miaka ilikuwa imepita bila mtoto, na yeye aliona jina linazimika mikononi mwake, jina ambalo baba yake alilibeba kupita vita na njaa na bahari. Akamwambia mkewe kwamba anahitaji mtoto wa kiume, na kwamba kwake hataupata uzao huo. Halina hakugombana naye. Alifungasha vyombo vyake akaondoka. Mzee hakuoa tena. Alisema aliahirisha, na kuahirisha kukawa ndiyo maisha yake. Flaviana alisikiliza. Alikotoka aliwajua wanawake walioondoshwa kwa sababu ile ile, na mmoja wao alikuwa shangazi yake.

Wakati wa joto ulipofika, Flaviana alimnunulia asali yenye masega katika soko la Jumamosi. Wakaila na mkate. Flaviana alipotaka kutupa masega yaliyobaki, mzee alimshika mkono.

"Usitupe. Hicho unachotaka kukitupa ndicho jina langu."

Akamweleza. Vosk ni nta, na boi ni mwenye kupiga. Mababu zake walikuwa waponda nta. Watu wengine walikwea miti wakarina asali. Wao walipita kijiji hadi kijiji wakinunua masega makavu ambayo hakuna aliyeyataka, wakayaponda kwa nyundo za mti, wakayachemsha na kuyakamua, wakauza nta kwa makanisa ili itengenezwe mishumaa. Majirani waliwatania kwamba dubu akishakula asali, Vaskaboi huja kulamba mzinga. Mizinga yenyewe ilikuwa magogo yaliyotobolewa katikati, yakapandishwa juu ya miti.

Hapo Flaviana aliweka kisu chini. Sikonge, katika misitu ya Tabora, baba yake Ferdinand alitundika mizinga ya magogo juu ya miyombo, na baada ya kurina, mama yake alichemsha masega katika sufuria kubwa, wakayamimina katika gunia, na watu wawili wakalisokota gunia hilo kwa fimbo mbili hadi nta ikachuruzika. Alimwambia mzee, na mzee hakuamini mpaka alipoona. Wakachemsha masega jikoni Bowie, wakayamimina katika foronya ya zamani, Flaviana akaisokota kwa mwiko huku mzee ameshika ncha ya pili kwa nguvu zake zote chache. Nta ilipoganda, ilikuwa kipande kidogo cha manjano. Mzee alikinusa, akakaa nacho mapajani mchana kutwa kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Vumilia, aliyekuwa likizo ya chuo, alikuja kumfuata mama yake siku hiyo na kuikuta nyumba nzima ikinukia nta. Alisalimia kwa Kiswahili kwa sababu mama yake alimkazia macho, kisha mengine yote akayasema kwa Kiingereza, kama ilivyo ada ya watoto waliokulia Adelphi. Alipopewa habari ya jina, akatoa simu yake. Alijua ukurasa mmoja unaokusanya majina ya watu wa dunia na kukadiria ni wangapi wanaoyatumia, na katika nchi zipi. Akaliandika jina. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Akawasomea kwamba Vaskaboi wa dunia nzima hawafiki mia. Wengi wao wako Belarusi, karibu wote katika wilaya moja. Wachache wako Urusi na Poland. Mama yake akamtaka aseme Marekani wako wangapi.

"Wawili," Vumilia alisema. "Mzee mwenyewe ni mmoja."

Mzee Rihor alimwomba arudie. Kisha akaomba waiweke simu mezani, akaitazama ile namba mbili kwa muda mrefu, ingawa kwa macho yake huenda hakuiona vizuri.

Alimjua wa pili, au aliamini anamjua. Katika kambi ya Ujerumani alikuwa na binamu aliyeitwa Kastus, mtoto wa baba yake mdogo. Walilala blanketi moja. Kastus na wazazi wake walipandishwa meli nyingine, na tangu hapo hawakusikiana. Basi Kastus alifika! Na kama alifika, huenda alizaa, na kama alizaa, kuna kijana mahali fulani mwenye jina, mwenye sauti ambayo wafu wanaitikia. Wale wa Belarusi walikuwa mbali, na yeye hakuwa tena mtu wa kupanda ndege. Lakini huyu alikuwa nchi ile ile.

Vumilia alipotafuta zaidi, waligundua kwamba hawakutenganishwa na nchi wala na jimbo. Katika orodha ya simu lilitokea jina la ukoo peke yake, namba, na mahali: Landover. Kutoka Bowie ni mwendo mfupi wa gari. Ombeni, mumewe Flaviana, alifanya kazi katika maghala ya huko huko.

Mzee hakuweza kusikia vizuri katika simu, hivyo alimwomba Flaviana apige kwa niaba yake. Alimpa maagizo kwa uangalifu, kama mtu anayemtuma mshenga. Asianze kwa maelezo mengi. Aulize jambo moja tu: je, katika nyumba hii yupo mwanamume wa ukoo wa Vaskaboi?

Aliyepokea alikuwa mwanamke mzee, mwenye lafudhi iliyofanana na ya Rihor. Flaviana aliuliza kama alivyoagizwa. Mwanamke akauliza ni nani anayeuliza. Kampuni iliyomwajiri Flaviana ilikataza kabisa kutaja jina la mgonjwa kwa mtu wa nje, kwa hiyo alijibu kwamba ni mtu wa ukoo wake, mzee, anayeishi Bowie.

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Alikuwepo mwanamume mmoja," yule mwanamke alisema hatimaye. "Hapa hayupo."

Kisha akauliza, "Huyo anayeuliza, ni mzima?"

"Ni mzima, mama, tunashukuru," Flaviana alijibu.

"Vizuri," alisema mwanamke, na simu ikakatika.

Flaviana alimweleza mzee kwamba mwanamume alikuwepo lakini hayupo tena, na kwamba aliyebaki ni bibi mmoja. Ile ya kuuliza kama mzee ni mzima hakuitaja. Kwao hakuna mazungumzo yasiyo na swali hilo. Watu huulizana hali kabla ya shida, baada ya shida, na hata wakati wa kugombana, na hakuna anayerudi nyumbani akasimulia kwamba fulani alimuulizia afya. Angelisimulia kwa sababu gani?

Mzee alielewa kwamba Kastus amekufa na kuacha mjane. Akamwuliza Flaviana kama kulisikika sauti ya mtoto au ya kijana. Haikusikika.

"Basi imekwisha," alisema.

"Haijaisha, Mzee. Kwetu mtu akifiwa, ndugu wa mume huenda kumpa mjane pole. Hata kama msiba ni wa zamani. Tunaweza kwenda Jumamosi, mimi nitaendesha."

"Mjane si Vaskaboi. Wewe mwenyewe ulisema: mwanamke ni wa ukoo wa baba yake."

Ni kweli Flaviana aliyasema maneno hayo, na aliyaamini. Hata hivyo moyoni alijua kwamba ukoo ni jambo moja na pole ni jambo jingine; huko Sikonge watu wangemshangaa mzee anayejua kuna mjane wa binamu yake mwendo mfupi tu wa gari, asiende. Lakini yeye alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya mtu. Akainua vyombo, akaenda kuviosha.

Joto likapungua. Vumilia akarudi chuoni. Mara mbili au tatu Flaviana aligusia tena habari ya Landover, na kila mara mzee alikuwa na sababu: miguu, mvua, mpira katika uwanja mkubwa unaofunga barabara zote za huko. Mwezi wa kumi alianza kukohoa, na alipopona alikuwa mwepesi kama mtoto. Siku moja, akiwa amekaa dirishani, alisema kwamba Dziady inakaribia, na kwamba mwaka huu lazima amwite Kastus, lakini hajui Kastus alikufa lini wala kwa ugonjwa gani, na ni aibu kumwita mtu mezani bila kujua habari za mwisho wake. Mjane angemwambia.

Ndipo walipokwenda, Jumamosi yenyewe ya Dziady, asubuhi. Flaviana alijifunga kitenge juu ya sketi kwa sababu walikuwa wanakwenda kwenye pole. Mzee alivaa tai. Alibeba chupa ya asali na mshumaa walioutengeneza kwa ile nta, umefungwa katika karatasi.

Lilikuwa jengo la matofali la ghorofa tatu, na bahati ilikuwa kwamba mlango waliotafuta ulikuwa chini. Walibisha. Wakabisha tena. Ukafunguka mlango wa pili yake, akatoka mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya kazi ya hospitalini. Alianza kwa Kiingereza, akaona kitenge, akageuza lugha pale pale.

"Nyinyi ni watu wa Tanzania, sivyo? Hiyo adabu ya kugonga kama mnaomba msamaha naijua. Hapo hakuna mtu, dada. Mnatafuta nani?"

Alijitambulisha kuwa anaitwa Nyaguthii, Mkenya, mtu wa Nyeri. Flaviana akamwambia kwamba wamemleta mzee huyu kumpa pole bibi wa nyumba ile, mjane wa binamu yake.

"Mjane? Cucu hakuwa mjane," Nyaguthii alisema, akimtaja kwa neno la kwao Nyeri, maana yake bibi. Kisha sauti ikapungua. "Pole ni yenu sasa. Cucu alifariki mwezi wa tisa. Moyo. Alilala, hakuamka."

Mzee Rihor, aliyekuwa ameegemea fremu yake bila kuelewa hata neno moja, alimvuta Flaviana mkono wa sweta. Flaviana akamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi amefariki. Mzee alivua kofia. Akasema aulizwe jina la marehemu, ili amwite pamoja na mumewe usiku huo.

"Alikuwa Halina," Nyaguthii alijibu. "Halina Vaskaboi."

Jina hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Mzee hakuanguka wala hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama kuna kiti. Flaviana akamwambia Nyaguthii kwamba huyu ndiye aliyekuwa mume wa Halina. Nyaguthii akawaingiza kwake, akamkalisha karibu na mlango, akamletea chai ya maziwa ambayo hakuigusa. Alianza kumsemesha Kiingereza, lakini mzee aliinua kiganja, akamwonyesha Flaviana. Alitaka kusikia kwa kupitia sauti aliyoizoea. Kwa hiyo Nyaguthii alizungumza kwa Kiswahili, na Flaviana alibeba kila sentensi na kuishusha mbele ya mzee, na kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

"Kuna mtu alipiga simu wakati wa joto," Nyaguthii alisema. "Cucu alinigongea hapa siku hiyo hiyo. Anacheka, analia, sijui gani. Akaniambia mzee wake wa zamani yuko hai, yuko Bowie, na ni mzima. Alirudia hiyo: ni mzima, wamesema ni mzima. Nikamwambia, si umpigie basi? Namba si iko kwa simu? Akakataa. Akasema, huyo hakuniulizia mimi. Aliulizia mwanamume."

Flaviana alitafsiri. Alipofika kwenye "ni mzima", alisita, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yake.

"Lakini alikungojea, Mzee," Nyaguthii akaendelea, sasa akimwangalia mwenyewe. "Tangu hiyo simu, kila Jumamosi akitoka ananiachia neno. Wakija, waambie nimeenda dukani tu, narudi. Mimi nikamwambia, Cucu, nani anakuja? Akasema, watu wakishajua nyumba, huja."

Mzee aliuliza swali moja. Kwa nini hakulirudisha jina?

Nyaguthii alifikiri kidogo. "Hata mimi nilimuuliza. Kwetu mtu akikufukuza, jina lake unalitupa mtoni. Akasema mwanzoni alilishika kwa hasira, ili mzee asipate kila kitu alichotaka. Halafu kijana mmoja wa maktaba akamwonyesha kwa kompyuta, kwamba Marekani nzima wako watu wawili. Akaniambia, Nyaguthii, nikiliacha, atabaki mmoja."

Flaviana alilitafsiri hilo akiwa anatazama sakafu.

Walipotoka, Nyaguthii aliwaeleza makaburi yalipo, na kwamba majirani na watu wa kanisa lake ndio waliomzika, na jina lililoandikwa ni lile lile. Mzee alimwachia asali. Mshumaa hakumwachia.

Katika gari aliuweka mshumaa mapajani mpaka walipokaribia nyumbani. Kisha alisema, bila kumgeukia Flaviana, kwamba maisha yake yote alitafuta mtu mwenye jina atakayemwita mezani.

"Alikuwa nalo," alisema. "Angeniita."

Flaviana aliegesha gari mbele ya nyumba lakini hakuzima injini. Akamwambia sasa lile ambalo hakulisema wakati wa joto: kwamba yule bibi katika simu aliuliza kama yeye ni mzima, na kwamba yeye Flaviana aliona ni salamu tu, akaiacha ipite. Alitarajia hasira, na angeipokea. Mzee alitikisa kichwa.

"Ungeniambia, ningesema nini? Ningesema mjane ana adabu."

Jioni hiyo Vumilia alikuja kutoka chuoni, kwa kuwa mama yake alimpigia simu na kumwambia aje, na kwa sauti ile hakubishana. Wakapika uji wa shayiri wenye asali na chapati nyembamba za kwao mzee, kwa maelekezo yake, na Flaviana akaongeza maharage ya nazi bila kuulizwa. Mzee aliwasha mshumaa. Mlango uliachwa wazi kidogo, na baridi ikaingia na harufu ya majani yaliyooza. Akasimama kwa kushikilia meza, akawaita: babu yake, bibi yake, mama yake aliyezikwa Ujerumani, baba yake. Kwa kila jina kijiko kiliwekwa. Kastus hakumwita, kwa kuwa hakujua tena kama ni mfu au hai, au kama aliwahi kufika.

Kisha akakiweka kijiko mezani. Flaviana alidhani amemaliza, akataka kumsaidia kukaa.

"Mwite wewe," mzee alisema.

"Mimi si wa ukoo, Mzee. Ulisema hawaitikii mgeni."

"Sauti yangu aliisikia mara ya mwisho ikimfukuza. Yako ilimwambia mimi ni mzima. Mwite kwa lugha yako."

Flaviana alifuta mikono kwenye kitenge. Alisimama akiuelekea mlango, kama mtu anayempokea mgeni aliyechelewa, akijua kwamba naye amechangia kumchelewesha.

"Halina Vaskaboi," alisema, "karibu ndani. Karibu ule na wenzako."

Mzee mwenyewe ndiye aliyeweka kijiko, na nusu ya uji ikamwagika kwenye kitambaa. Hakuna aliyeifuta. Wakala. Baridi ilipozidi, Vumilia aliinuka kwenda kuufunga mlango, na mama yake akamwashiria akae.

Baada ya chakula mzee alimwomba Vumilia autazame tena ule ukurasa wa majina. Vumilia akatafuta, akaugeuza uso wa simu kumwelekea. Marekani: wawili.

"Hawajui bado," alisema kwa upole, na safari hii alisema kwa Kiswahili, ingawa mzee hakukielewa. Kisha akarudia kwa Kiingereza. "Kuna mahali pa kuwaandikia, ili warekebishe. Ukitaka, naweza kuwaambia."

Mzee Rihor alikuwa akiutazama mshumaa, uliokuwa umebaki kidogo.

"Usiwaambie," alisema.